Jibu: Usitaje kipimo cha ORS kabla hujashika chombo cha mama

Mkuu, simamisha kwanza hiyo kazi ya kuchapa. Umesema kikundi chenu cha wanafunzi kinakwenda kujitolea kambi ya wakimbizi kwa wiki nne, vipeperushi vya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji ya kumnywesha anayeharisha) mmeshatafsiri, na unauliza kuhusu vibali, chanjo, fulana na idadi ya nakala. Mimi nakomea kwenye hivyo vipeperushi.

Mmeandika "pakiti moja kwa lita moja". Hiyo lita ataipimia nini mtu aliyekimbia na sufuria mbili? Nyumbani kwake kuna chupa ya nusu lita, kopo la mafuta na dumu la lita 20 la kutekea maji. Mtoto akianza kuharisha usiku, mama anashika kilicho karibu, na mara nyingi ni ile chupa. Pakiti ya lita moja ukiikoroga kwenye nusu lita, sodiamu (madini yaliyo kwenye chumvi) inapanda kutoka milimoli 75 kwa lita hadi 150, yaani juu ya ile ya kwenye damu, ambayo ni 135 hadi 145. Mtoto anazidi kuwa na kiu, chumvi inarundikana mwilini, na mdogo kabisa anaweza kupata degedege. Isitoshe, pakiti hazifanani: nyingi ni za lita moja, lakini zipo za mililita 500 na za 200. Zahanati ikipokea shehena ya aina nyingine, karatasi yenu imeshakuwa hatari.

Wanaonikera ni waandaaji wa safari wanaowaaminisha vijana kwamba taarifa yoyote ni bora kuliko kukosa kabisa. Uongo mtupu! Kipimo kibaya chenye picha nzuri kinaaminiwa haraka, na nyie mkishapanda ndege, lawama zinawaangukia wahudumu wa afya ya jamii, ambao wengi ni wakimbizi wenyewe na ndio mliotakiwa kuwauliza mapema.

Fanyeni hivi. Nendeni na jagi lenye mistari ya vipimo. Mwombe kila mama aje na chombo chake, mimina maji ya lita kamili, kisha mkwaruze alama kwa msumari pale yalipofikia. Kalamu inafutika kwa kuosha. Mwenye chupa ndogo tu akorogee pakiti nzima kwenye sufuria iliyotiwa alama, ndipo ajaze chupa. Asigawe unga kwa macho. Halafu nyamazeni, akoroge mwenyewe mbele yenu. Msiulize "umeelewa?", maana kila mtu atajibu ndiyo. Muulize: "Mtoto akitapika utafanyaje?" Jibu mnalolitaka ni kwamba atasubiri dakika 10, kisha ataendelea polepole, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Muulize pia yaliyobaki kesho atayafanyaje: yakipita saa 24 yanamwagwa. Na ziwa la mama lisikatizwe.

Mkalimani awe mtu mzima, msimtumie mtoto wa nyumba hiyo. Siku inayofuata, pitieni nyumbani mkaone kilichokorogwa. Alama mkiikuta imefichwa na masizi ya moto, ikwaruzwe upya kwa upande wa ndani.

Fulana na chanjo watakujibu wengine. Vipeperushi chapeni vichache baada ya kuona vyombo, mkichora vyombo hivyohivyo na alama zake.