Jibu: "kutawala" kwenye insha ya Kijapani, ni neno gani?

Ndugu, nimekuelewa: unaandika insha ya Kijapani kuhusu Japani kuitawala Korea, 1910 hadi 1945, na kamusi imekurushia maneno kadhaa bila kukuonyesha tofauti.

Anza na shihai. Hili ni la kumweka mtu chini ya amri yako, na lina uzito. Shokuminchi shihai, yaani utawala wa kikoloni, ndiyo maneno aliyotumia Waziri Mkuu wa Japani, Tomiichi Murayama, katika tamko lake la kuomba radhi la 1995. Tōchi, yaani kuendesha serikali ya nchi, ni la kiofisi; ukilitumia peke yake, msomaji anaweza kudhani unapunguza makali ya ukoloni. Haken liachie mataifa makubwa yanayowania ubabe. Limo kwenye tamko la pamoja la Japani na China la 1972.

Kwenye kutawala utamaduni wa watu ndiko wengi hukwama. Usitafsiri neno kwa neno. Andika dōka seisaku, sera ya kuwageuza watu wafanane na watawala wao, kisha toa mfano: sōshi kaimei ya 1940, Wakorea walipobanwa wachukue majina ya ukoo ya Kijapani. Ni jambo zito, lipe aya nzima. Dōka linafaa pia kwa Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani.

Angalia na kitenzi. Ukiandika tu shihai sareta, "ilitawaliwa", mtawala anajificha. Mtaje: Nihon ni yotte shihai sareta.

Kama insha itachapishwa, tafadhali mwalimu wako wa Kijapani aipitie kwanza. Mada hii bado inauma pande zote mbili.