Mgonjwa hanyanyuliwi, anasogezwa

Wiki hii nimechagua maswali ya wanaouguza nyumbani. Ni mengi, na karibu yote yanasema jambo moja: mgonjwa anaendelea vizuri, anayeumia ni anayemuuguza.

Baba amepooza upande wa kulia. Kila nikimtoa kitandani kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu, kiuno kinawaka moto. Ninunue mkanda gani wa kiuno? (Msomaji, Mbagala)

Usinunue wowote. Swali hili linarudi kila mara, na jibu langu halijabadilika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilipitia tafiti za mikanda hii mwaka 1994 na haikuona ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu asiumie. Kwa kuhamisha mgonjwa kwa mikono, kikomo kilichopendekezwa na mtafiti wa taasisi hiyohiyo ni kilo 16 hivi, tena mazingira yakiwa mazuri. Baba yako ana kilo ngapi? Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 90 unakaribia hapo.

Kwa hiyo acha kumbeba. Weka kiti upande wake wa kushoto, ule wenye nguvu, kikae mshazari na kitanda. Funga breki, ondoa vile vibao vya kukanyagia. Mlete ukingoni, avae viatu visivyoteleza, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Mfunge kiunoni mkanda mpana au kitenge kilichokunjwa, ushike hapo. Kisha ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Wengi humvuta mgonjwa akiwa amekaa wima, na hapo ndipo mgongo unapoharibika. Akiinama vizuri, makalio huanza kuinuka yenyewe. Zuia goti lake la kulia kwa goti lako, hesabuni pamoja, asukume kitanda kwa mkono wa kushoto, asimame, ageuke, akae. Asikuning'inie shingoni. Na kama hawezi kusimamia hata mguu mmoja, usijaribu peke yako.

Kitanda kikiwa chini sana, kipandishe kwa matofali mapana yasiyoyumba, ila nyayo zake ziendelee kufika sakafuni. Fanya hivyo leo, kabla hujaenda kununua dawa za maumivu.

Sisi tunamshika makwapani na kumvuta. Kuna ubaya? (Msomaji, Kahama)

Upo, na mkubwa. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia. Likivutwa linaweza kuteguka, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Msivute mkono wala kwapa, hata mara moja.

Bibi anateleza kuelekea miguuni mwa kitanda usiku kucha. Namrudishaje juu? (Msomaji, Tanga)

Kwanza jiulize kwa nini anateleza. Mara nyingi mmemwegemeza kwenye mito mirefu, miguu imenyooka. Weka mto mdogo chini ya mapaja.

Kumpandisha, tandika shuka imara iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi mapajani, na chini yake kipande cha nailoni laini kama cha koti la mvua. Watu wawili, mmoja kila upande, wakunje kingo za shuka karibu na mwili wake. Bibi akunje magoti na kuinua kichwa. Mvuteni mkihamisha uzito wenu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, bila kumnyanyua. Nailoni itolewe mara mkimaliza, asije akateleza hadi chini. Kumburuta juu ya godoro bila kitu kunachubua ngozi, na hapo vidonda vya mgandamizo vinaanza.

Nina mimba ya miezi sita na ndiye ninayemgeuza mama mkwe kila baada ya saa mbili. Nifanyeje ili nisiumie? (Msomaji, Morogoro)

Dada, usifanye peke yako. Hakuna namna ya kusimama wala kuinama itakayofidia watu wanaokosekana. Shemeji zako wanaokuja Jumapili, wakakaa sebuleni, wakaomba dua na kuondoka, waambie waingie chumbani. Andika zamu ubandike ukutani, majina ya wanaume yakiwamo. Nyumba nyingi humwachia mzigo huu mke wa mtoto au dada wa kazi, halafu hushangaa anapolala kitanda cha pili. Ukihisi ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia mkojo au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya tumbo au kutokwa damu, vivyo hivyo.

Hospitali wauguzi wawili walimbeba bila shida. Kwa nini sisi tushindwe? (Msomaji, Mwanza)

Waulize migongo yao. Chama cha wauguzi cha Uingereza, RCN, kilishasema mwaka 1996 kwamba kunyanyua mgonjwa kwa mikono kukomeshwe isipokuwa kwa dharura. Wodi zetu zinahitaji mashine za kunyanyulia, na ndugu wasiokotwe koridoni kuja kubeba. Kabla mgonjwa wenu hajaruhusiwa, dai mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe namna ya kumhamisha, nanyi mfanye mbele yake.

Akianguka msalani nimnyanyue? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Kama paja au kichwa kinauma, mfunike na uite msaada. Kama yuko sawa na ana nguvu, alale ubavu, apige magoti, kisha ajiinue kwa kiti imara ulichoweka mbele yake.