Hesabu nimezisoma, viongozi nawapimaje?

SWALI: Nimealikwa kununua hisa katika kampuni ndogo ya vifungashio yenye wafanyakazi arobaini hivi. Nimepewa hesabu za miaka mitatu, zimekaguliwa na faida ipo. Mkurugenzi anaijua kazi na ni mtu wa kupendeza. Ila soko lake linabadilika haraka, na kila ninayemwomba ushauri ananiambia "angalia uongozi." Unaangaliwaje? Kuna kipimo, au ni kubahatisha tu?

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo kipo. Kwanza weka kando kupendeza kwa mkurugenzi, maana anayetafuta fedha ana kila sababu ya kupendeza. Mwombe mipango ya biashara ya miaka hiyo mitatu kama ilivyoandikwa mwanzoni mwa kila mwaka, kabla matokeo hayajajulikana. Iweke pamoja na hesabu, kisha chora safu tatu: walichoahidi, kilichotokea, na walivyoieleza tofauti kati ya hayo mawili.

Safu ya tatu ndiyo ya kukaa nayo. Kukosea makadirio hakunisumbui. Kampuni ya watu arobaini haina namna ya kuona mbali sana. Ninachotafuta ni sentensi kama "tulinunua malighafi nyingi kuliko oda tulizokuwa nazo." Aliyeandika hivyo amejua alipojikwaa. Kama miaka yote mitatu lawama ni za washindani, bei na serikali, hakuna aliyejifunza kitu. Angalia pia malengo yaliyopotea kimyakimya: mwaka wa kwanza yako ukurasa wa mbele, mwaka wa pili hayatajwi kabisa. Niliwahi kukagua kampuni iliyoahidi mashine mpya "robo ijayo" katika ripoti tano mfululizo. Hesabu zake zilikuwa safi kabisa. Nilimshauri mteja wangu ajitoe, na ushauri huo ningeurudia leo.

Pili, pima nafasi waliyonayo ya kugeuka, na hapo utahitaji kikokotoo. Gawanya thamani ya mali iliyoko ghalani kwa gharama ya mauzo ya mwaka, yaani gharama ya kutengeneza mali iliyouzwa, zidisha kwa 365. Hizo ni siku ambazo mali hukaa kabla ya kuuzwa. Fanya hivyo kwa fedha ambazo wateja bado hawajailipa kampuni, ukigawanya kwa mauzo, halafu kwa fedha ambazo kampuni bado haijawalipa wauzaji wa malighafi, ukigawanya kwa gharama ya mauzo. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu. Tuseme umepata 60, 45 na 30: jibu ni 75. Fedha inayotoka leo kulipia malighafi itakaa nje siku 75 kabla ya kurudi. Linganisha miaka yote mitatu. Namba ikipanda huku mauzo yakikua, faida inaweza kuonekana kwenye karatasi na mishahara ikakosekana benki, na kampuni iliyobanwa hivyo haibadiliki hata viongozi wake wakitaka. Muulize mkurugenzi namba hiyo ya siku ni ngapi kwake. Anayeendesha biashara kwa macho mawili atakutajia bila kufungua kompyuta, au walau atajua imepanda au imeshuka, na kwa nini.

Uliza pia kuhusu wateja wakubwa. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa zinazofuata viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu (IFRS) hubanwa kueleza kama kuna mteja anayechangia asilimia 10 au zaidi ya mapato, hata bila kumtaja jina. Kampuni binafsi haibanwi na kanuni hiyo, kwa hiyo itabidi uulize mwenyewe. Maelezo ya mwisho wa hesabu nayo yasome, hasa miamala kati ya kampuni na wakurugenzi au jamaa zao.

Kisha omba kutembezwa kiwandani, uone kama habari za wafanyakazi wa chini huwafikia wakubwa. Chukua mfano huu. Kampuni ya 3M ilianza mwaka 1902 huko Minnesota, Marekani, ikitaka kuchimba madini magumu ya kutengenezea mawe ya kunolea. Madini yale hayakufaa, ikageukia kutengeneza msasa. Miaka ya 1920 kijana wao mmoja, Richard Drew, alipeleka msasa wa majaribio kwenye karakana ya kupaka magari rangi, akawakuta mafundi wanateseka: kila wakibandua karatasi walizozibia sehemu isiyopakwa, rangi inatoka nayo. Mwaka 1925 kampuni ikawa na tepe ya kuzuia rangi. Aliyeiona shida hakuwa bosi, na habari zake hazikufia njiani.

Kwa hiyo mtafute mtunza ghala au mwendesha mashine, umuulize: pendekezo lako la mwisho lililofanyiwa kazi ni lipi, na lilichukua muda gani? Anayesikilizwa atakushika mkono akakuonyeshe mahali penyewe. Asiyesikilizwa atamtazama kwanza aliyekuleta. Ukirudi ofisini uliza: mkurugenzi aliposafiri mara ya mwisho, nani aliidhinisha malipo? Kama yalisubiri arudi, basi unanunua mtu mmoja, na bei ya hisa ishuke kulingana na hatari hiyo.

Akikataa kukupa mipango ya zamani, mimi nisingeweka fedha zangu. Akikupa, tena akakuonyesha mwenyewe kwa kidole walipokosea, kaeni mzungumze bei.