Maswali ya Wasomaji: Axel Foley Alipopoteza Ugeni Wake

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na kaka yangu tulikua tukitazama Beverly Hills Cop ya kwanza kwenye mkanda wa video, tukaurudia mpaka picha ikaanza kukwaruza. Mwezi uliopita nilimwonyesha mwanangu aliye kidato cha pili filamu hiyo, akacheka hadi akatokwa na machozi. Siku ya pili nikamwekea sehemu ya tatu, ile ya 1994. Haikuchukua muda akawa ameshamtaja adui na kunieleza itakavyokwisha, kisha akaomba ruhusa akalale. Mwigizaji ni yule yule Eddie Murphy, na muziki ni ule ule. Je, ubaya wake ni kwamba inatabirika mno?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao ana jicho zuri, na sehemu ya tatu ni dhaifu kama alivyoiona. Hata hivyo, nakuomba tusiitwishe hali ya kutabirika lawama yote. Itazame tena ile ya 1984, iliyoongozwa na Martin Brest, utaona kwamba hata humo adui tunamjua mapema sana: ni Victor Maitland, tajiri mfanyabiashara ya sanaa, na tangu Axel Foley, askari anayeigizwa na Murphy, anapoingia ofisini kwake kuuliza habari za rafiki yake aliyeuawa, hakuna mtazamaji mwenye shaka. Wala hakuna aliyewahi kuogopa kwamba Axel atakufa, maana sote tuliolelewa na vibanda vya video tunajua kuwa steringi hafi. Mwisho tulikuwa tunaujua. Tulichokuwa hatukijui ni mlango ambao angeingilia.

Chukua tukio la hoteli. Axel ni askari wa Detroit aliyejitia likizo, amefika Beverly Hills, mji wa matajiri huko California, na gari bovu, suruali ya jinzi na fulana ya shule, hana kibali cha kupeleleza lolote na hana hata nafasi ya chumba aliyoweka. Mhudumu wa mapokezi anamwambia vyumba vimejaa. Papo hapo anajigeuza mwandishi wa gazeti la Rolling Stone aliyekuja kumhoji Michael Jackson, anapaza sauti ukumbi mzima usikie, na anadokeza kwamba anafukuzwa kwa sababu ni mweusi. Wenye hoteli wanaingiwa na hofu ya aibu, na Axel anapewa chumba cha kifahari kwa bei ya chumba cha kawaida. Angalia jinsi kichekesho hicho kinavyofanya kazi: bila ufukara wa yule mgeni hakuna mzaha, bila hofu ya mji ule juu ya sifa yake hakuna mzaha, na bila huo mzaha Axel hana pa kulala, kwa hiyo hana upelelezi. Mdomo wake ndio silaha yake, kwa sababu silaha nyingine zote amenyimwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa askari wawili waliotumwa kumfuatilia, Taggart na Rosewood. Kwanza anawapelekea chakula cha usiku ndani ya gari lao, kisha anaziba ekzosi ya gari hilo kwa ndizi ili wasiweze kumfuata. Baadaye, wakishazima pamoja wizi wa kutumia silaha katika klabu ya usiku, Axel anawatungia uongo mzuri mbele ya bosi wao Bogomil ili kuwaokoa, na Taggart, mtu wa sheria na taratibu, anaukataa uongo huo na kusema ukweli wote. Mimi hulipenda tukio hili kuliko risasi zote za filamu ile, kwa kuwa watu wa desturi mbili tofauti wanaanza kuheshimiana mbele ya macho yetu.

Sasa rudi kwenye ile ya 1994. Bosi wa Axel, Inspekta Todd, anauawa Detroit, na nyayo za muuaji zinaelekea California, kwenye bustani ya burudani iitwayo Wonder World, ambako mkuu wa ulinzi ndiye muuaji na noti bandia zinachapishwa kwa siri. Katika hayo yote Axel si mgeni tena. Rosewood amepanda cheo na kumpokea kama ndugu. Taggart na Bogomil hawamo kabisa, na nafasi ya Taggart imejazwa na askari mwingine, Flint, ambaye hatukupewa muda wa kumpenda wala wa kumchukia. Katika tukio kubwa la katikati Axel anapanda juu ya bembea iliyoharibika kuwaokoa watoto wawili. Limepigwa vizuri, lakini shujaa yeyote angeweza kulifanya, na kwa muda wote huo mdomo wake hauna kazi.

Hapa haikuwa ajali tupu. Mwongozaji John Landis, aliyekwisha kufanya vichekesho vizuri na Murphy, amewahi kueleza kwamba mwigizaji huyo alimwona Axel kuwa mtu mzima sasa, asiyefaa kupigia watu porojo kama zamani. Nami namwelewa Murphy, lakini kama Axel amekua, hadithi nayo ilipaswa kumtafutia ugumu wa mtu mzima, na haikufanya hivyo. Kumbuka pia kwamba filamu ya kwanza ilikusudiwa kwa Sylvester Stallone, ambaye alijitoa muda mfupi kabla ya kamera kuanza, ikabidi mengi yabuniwe papo kwa papo. Ya tatu haikuwa na pengo lolote la kubunia. Watazamaji waliliona hilo: ya kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 230 Marekani peke yake, ya tatu ikaishia takriban milioni 42.

SWALI: Je, ya nne niitazame, au nayo ni yale yale?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Itazame. Ilitoka Julai 2024 kwenye Netflix, miaka 30 baada ya ile ya tatu, na adui wake utamtambua haraka vilevile. Lakini safari hii Axel ana binti, Jane, wakili ambaye hawaelewani na ambaye maneno matamu ya baba yake hayamteki hata kidogo, na hivyo ule mdomo umepata tena ukuta wa kugonga. Taggart na Rosewood wamerudi pia. John Ashton, aliyeigiza Taggart, alifariki Septemba ya mwaka huo huo, na kumwona akinung'unika kwa mara ya mwisho kulinitosha kusamehe mengi.