Robota la mviringo malishoni: majibu kwa wanaotunza farasi Kentucky

Baridi imeingia, na kwenye mashamba ya farasi ya Lexington na pembezoni mwake yale marobota makubwa ya nyasi kavu yameanza kushushwa malishoni. Maswali yenu ni mengi. Haya matano yameulizwa na zaidi ya mtu mmoja.

Tuna farasi watano na robota la kilo 450. Mwenye shamba alipiga hesabu ya siku tisa, limeisha siku ya tano. Sasa anatutazama kama wezi. Tumjibu nini?

Poleni sana, ndugu zangu. Hesabu yake ya kula haina kosa: farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 kwa siku, watano kilo 50. Alichosahau ni kinachokanyagwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha vipimo vya jambo hili hili. Robota lililowekwa chini bila hori lilipoteza asilimia 57 ya nyasi zake. Lililovalishwa wavu wa kulishia lilipoteza asilimia 6, na hori za aina mbalimbali zikaanzia asilimia 5 hadi 33. Kwa kipimo hicho, robota lenu likikaa wazi juu ya tope, kinachofika tumboni hakizidi kilo 200, yaani siku nne tu. Ninyi mmefika ya tano. Mpelekeni malishoni asubuhi, mumwonyeshe lile duara la nyasi zilizochanganyika na mavi na mkojo.

Mwulizeni pia lilihifadhiwa wapi. Robota lenye kipenyo cha mita 1.5, ganda lake la nje la sentimita 15 peke yake ni zaidi ya theluthi ya nyasi zote. Likinyeshewa nje likaoza kiasi hicho, hasara imeshaingia kabla farasi hajatia mdomo.

Hori ya chuma ya ng'ombe itafaa?

Hapana. Ile yenye chuma cha kulala juu ya shingo ni hatari: farasi akishtuka huinua kichwa kwa nguvu, na hapo ndipo anapojiumiza. Tafuteni iliyotengenezwa kwa farasi, iliyo wazi juu. Wavu nao ni mzuri, ila kama farasi wamevaa viatu vya chuma uwekwe ndani ya hori, kwato zisiufikie.

Jirani amepoteza farasi wawili, wanasema ni sumu ya nyasi. Nitaitambuaje?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Ugonjwa unaitwa botulizimu. Bakteria wake wanaishi udongoni, na aina B ipo kwa wingi katika udongo wa Kentucky. Wanatoa sumu pasipo na hewa penye unyevu: katikati ya robota lililofungwa bichi, kwenye nyasi zilizovundikwa ndani ya plastiki, au palipo na mzoga. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu hii.

Mtazame anavyokula. Atatafuna muda mrefu bila kumeza, chakula na maji vitoke puani. Vuta ulimi wake taratibu pembeni mwa mdomo: mzima anaurudisha mara moja, mgonjwa anauacha ukining'inia. Kope na mkia hulegea, misuli hutetemeka, mwisho analala asiinuke. Usingoje hatua hiyo. Dawa ya kuzuia sumu husaidia zaidi akiwa bado amesimama, kwa hiyo mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo na uondoe robota.

Chanjo ya aina B ipo: sindano tatu, kila baada ya wiki nne, kisha moja kila mwaka. Haikingi aina nyingine, kwa hiyo macho bado yanahitajika. Mimi hukata wavu wote uliofungia robota na kamba zote (zikimezwa huziba utumbo), nachambua kila upande na kutia mkono ndani hadi kiwiko. Nyasi njema ni baridi na inanukia shamba. Nikikuta joto, vumbi jeupe la ukungu au harufu ya uvundo, robota zima linarudi. Siku moja nilivuta fumba la nyasi likaja na panya mkavu, bapa kama jani. Hilo pia lilirudi.

Farasi jike ana mimba ya miezi minane. Ale na wenzake?

Uliza kwanza ni nyasi gani. Feskyu, iliyojaa Kentucky, mara nyingi hubeba kuvu ndani yake, na kukaushwa hakuondoi sumu yake. Mimba hupitiliza miezi yake kumi na mmoja, kondo la nyuma huwa nene, na mama huzaa bila maziwa. Miezi mitatu ya mwisho mtenge, umpe nyasi nyingine. Ukiona kiwele hakijai siku zikikaribia, mwite daktari.

Tunalishusha kwenye mteremko. Kuna namna salama?

Lisimamishe kwa upande wake bapa, kamwe lisilale kwa upande wa mviringo. Dereva wa trekta aje polepole, robota likiwa chini karibu na ardhi, na asiwepo mtu upande wa chini. Kilo 450 zikianza kubingirika, kimbia pembeni, usijaribu kuzizuia.