Koilova kwa Anayeanza: Linda Mwendo wa Shokapu Kwanza

Swali la kwanza ninaloulizwa na karibu kila anayetaka kufunga koilova kwenye gari lake la michezo ni hili: litashuka kiasi gani? Naelewa. Gari likikaa chini, rimu zikajaa vizuri ndani ya fenda, linapendeza hata likiwa limeegeshwa tu. Ila ningependa swali hilo lije mwishoni. La kwanza liwe: gari likishashuka, shokapu itabakiwa na mwendo gani, yaani milimita ngapi za kujibonyeza kabla haijagota? Mengi mazuri na mabaya niliyoyaona kwenye koilova yanaanzia hapo.

Koilova ni shokapu iliyovishwa springi, na bodi yake imechongwa thredi ili kikombe kinachobeba springi kiweze kupandishwa au kushushwa. Umbo hilo si geni. Magari mengi ya kawaida yana mguu wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Earle MacPherson na kujulikana kupitia magari ya Ford ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, nao pia ni shokapu ndani ya springi. Unachonunua zaidi ni marekebisho, springi ngumu kuliko ya kiwandani, na vali zilizopangwa kuitawala springi hiyo.

Marekebisho ya urefu yako ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Kwenye aina ya kwanza unashusha kikombe cha springi peke yake. Gari linashuka, na fimbo ya shokapu inazama ndani ya bodi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kila milimita unayoshusha imetolewa kwenye mwendo uliokuwa nao. Kwenye aina ya pili bodi nzima inazunguka ndani ya kiatu cha chini kinachofungwa kwenye hapu (sehemu inayobeba tairi). Unafupisha mguu wote bila kugusa springi, na mwendo wa shokapu unabaki ulivyokuwa. Hii ya pili ndiyo ninayompendekezea anayeanza, kwa sharti moja: shokapu sasa ina nafasi, lakini tairi huenda halina. Lazima uhakikishe kwamba mguu ukibonyezwa hadi mwisho, tairi haligusi fenda wala plastiki ya ndani.

Hapa nigusie jambo linalowapotosha wengi. Utasikia kwamba ukiikaza springi kwenye kikombe chake inakuwa ngumu zaidi. Kwa springi ya kawaida yenye ugumu usiobadilika, si kweli. Chukua springi ya kilo 6 kwa milimita na uibane milimita 10 wakati wa kuunganisha: imebeba kilo 60 kabla gari halijaikalia. Pembe ya gari ikiwa inaiwekea kilo 300, zile 60 zinapitwa mara moja, na kuanzia hapo kila milimita bado inahitaji kilo 6 zilezile. Ulichokifanya ni kuinua gari tu. Mkazo wa kuunganisha uwe wa kutosha kuzuia springi isicheze mguu unaponing'inia. Springi ikiwa fupi sana kwa hilo, inawekwa springi ndogo laini juu yake ili kuishikilia mahali pake.

Sasa ugumu wenyewe. Watengenezaji wa Japani huuandika kwa kilo kwa milimita, wale wa Ulaya mara nyingi kwa nyutoni kwa milimita. Kilo 1 ni takriban nyutoni 9.8, kwa hiyo usishtuke ukiona 60 kwenye jedwali moja na 6 kwenye jingine. Kinachohisiwa na tairi, hata hivyo, si namba iliyoandikwa kwenye springi. Kwenye mguu wa MacPherson, springi inasogea karibu sawa na tairi. Kwenye mfumo wa mikono miwili (vyuma viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshika hapu), kama ule wa Honda S2000 au Mazda MX-5, springi imekaa ndani kwenye mkono, kwa hiyo tairi likipanda milimita 10 yenyewe huenda ikabonyea 7 tu. Uwiano huo wa 0.7 unazidishwa kwa wenyewe: springi ya kilo 10 inafika kwenye tairi ikiwa kama kilo 4.9. Ikiwa uwiano ni 0.95, springi ileile inafika ikiwa na kilo 9. Toyota 86 ina MacPherson mbele na mikono miwili nyuma, na ndiyo maana namba zinazolingana mbele na nyuma hazina maana ya ugumu unaolingana. Usinakili namba za springi kutoka gari la rafiki ambalo si la aina yako.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mara ngapi gari lingepanda na kushuka kwa sekunde kama shokapu isingekuwepo. Gari laini la familia liko karibu na mara 1 hadi 1.5, gari la michezo la barabarani kati ya 1.5 na 2, na zaidi ya 2 unaanza kuingia kwenye uwanja wa mbio. Pembe inayobeba kilo 300, ikiwa na nyutoni 30 kwa milimita kwenye tairi, inatoa karibu 1.6. Pandisha hadi 50 na unapata kama 2.05. Kwenye lami iliyonyooka tofauti hiyo ni raha tupu. Kwenye barabara yenye viraka, tairi linaanza kuruka badala ya kufuata barabara, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki. Kwa hiyo chagua springi kwa barabara unayopita kila siku. Ukienda uwanjani mara chache kwa mwaka, springi ya kati itakufaa kote kuwili.

Kuhusu vifundo vya marekebisho, ushauri wangu ni kununua vichache vilivyo bora. Kifundo kimoja kinachobadilisha kweli kasi ya shokapu kujirudisha kinatosha kwa miaka yako ya mwanzo. Vifundo vinne kwenye shokapu ambazo ya kushoto na ya kulia hazifanani ndani ni mzigo. Muulize muuzaji mambo matatu: je, kuna grafu ya nguvu ya shokapu iliyopimwa kwenye mashine, je, inafunguliwa na kukarabatiwa, na je, vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Bilstein, KW na Öhlins wana huduma za ukarabati, na hilo lina thamani zaidi ya rangi ya springi. Halafu angalia maunti ya juu, yaani kishikizo kinachofunga shokapu kwenye gari: yenye bearingi ya chuma inaleta usukani mkali lakini hupiga kelele ikianza kuchakaa, wakati ya raba inavumilia. Kwa gari la kila siku chukua raba.

Kuna magari yanayohitaji tahadhari ya pekee. BMW E46 na Nissan 350Z, kwa mfano, nyuma zina springi sehemu moja na shokapu sehemu nyingine. Baadhi ya seti huziunganisha ziwe koilova kamili, na uzito uliokuwa ukibebwa na kikao cha springi unahamia kwenye tundu la juu la shokapu, ambalo halikutengenezwa kubeba gari. Mimi huacha springi mahali pake na kutumia kikombe cha kurekebisha. Vilevile, kama gari lako lina shokapu za umeme, jua mapema namna taa ya onyo itakavyoshughulikiwa.

Siku ya kufunga, kabla hujagusa nati yoyote, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo na saizi ya tairi vitakudanganya. Weka alama kwenye bolti za kemba (mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele). Gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki. Fungua kwanza waya wa ABS na mpira wa breki kwenye vishikizo vyake. Hapu ikianguka ghafla huwa inavivuta. Kalipa ining'inizwe kwa waya, kamwe isining'inie kwa mpira wake. Linki za stabilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana) zifunguliwe pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo stabilaiza itakuwa inapigana nawe.

Kama maunti ya zamani inatumika tena, utahitaji kibano cha springi ili kuufungua mguu wa kiwandani. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa au kuua. Ikiwa huna kibano kizuri, mpelekee fundi kazi hiyo tu. Nati ya juu ya fimbo usiikaze kwa mashine ya upepo, maana fimbo inazunguka na kuumiza vali ndani. Ishike kwa kibapa chake au kwa ufunguo wa pembe sita, ukaze kwa mkono, kisha umalizie kwa toki renchi (ufunguo unaopima nguvu ya kukaza). Wala usiibane fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mdogo unatosha kukata sili, na mafuta yataanza kutoka polepole.

Jambo linalosahaulika hata na mafundi wazoefu ni bushi, zile raba za kwenye viungio vya mikono. Bushi nyingi za mikono zimegandishwa kwenye chuma ndani na nje, raba inajikunja mkono unapopanda. Bolti zake zikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, raba itabaki imejikunja muda wote gari linapokuwa chini. Urefu utakuwa wa uongo na bushi itachanika mapema. Zikaze gari likiwa limekalia tairi zake, au hapu ikiwa imeinuliwa kwa jeki hadi ule urefu wa kutembelea.

Nisingeshusha gari la barabarani zaidi ya milimita 25 hadi 30. Kwenye MacPherson, mkono wa chini ukishapita usawa na kuinama kuelekea ndani, kitovu cha kulala kwa gari (pale linapozungukia likilala kwenye kona) kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wake, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini zaidi. Taironi, fimbo zinazogeuza tairi kutoka kwenye usukani, nazo hubadili pembe, na usukani unaanza kuhama wenyewe kwenye kila bonde.

Baada ya kuendesha kidogo springi zitulie, pima upya, kaza upya, ndipo uende alaimenti. Mpangilio ni urefu kwanza, kisha mgawanyo wa uzito kama una mizani, kisha kemba, na tou (tairi kuelekea ndani au nje ukilitazama gari kwa juu) mwishoni, kwa sababu kila hatua inaharibu ile inayoifuata. Uzito upimwe dereva akiwa kitini. Usichelewe alaimenti: tou iliyokaa vibaya inamaliza tairi haraka. Rekebisha na taa za mbele, na kama gari lina kihisi cha urefu kwenye mkono, hakikisha linki yake haijapinda.

Vifundo vya shokapu vihesabu kuanzia vilipofungwa kabisa, kwa vidole tu, bila kulazimisha. Badilisha kitu kimoja, pande zote mbili sawa, kisha pita barabara ileile. Shokapu ikijirudisha polepole mno, gari litazama zaidi kwa kila tuta linalofuatana, kwa sababu springi haipati muda wa kunyooka. Wengi hulitafsiri hilo kuwa ulaini na kuzidi kukaza.

Mwisho, funga zipu ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi igusane na bodi, uendeshe wiki nzima kama kawaida. Ukirudi utaikuta imebaki pale shokapu ilipofika ilipobonyea zaidi. Ikigusa raba ya kikomo mara moja moja, ni sawa, maana raba hiyo ni sehemu ya mfumo na haipaswi kukatwa ovyo. Ikiwa imesukumwa ndani kabisa ya raba na raba ina alama za kupondwa, pandisha gari milimita 5, irudishe zipu mahali pake na uendeshe tena. Thredi uzisafishe kila unapoosha gari na uzipake kinga ya kutu, maana kikombe kilichogandia kutu hakirekebishiki tena.