Kwa wapiga vinanda wapya: panga kurasa kwa ajili ya mkono utakaozigeuza

Wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye kinanda, pamoja na ninyi mnaochapa nota za kwaya, Jumapili iliyopita nimeliona tena jambo lilelile. Kijana ana vidole vizuri, anasoma nota bila shida, mazoezi kafanya wiki nzima. Kafika katikati ya Utukufu, mikono yote miwili ina kazi, mguu uko kwenye pedali, na ukurasa ndio huo umeisha. Akaachia mkono wa kushoto, akavuta karatasi, zikaja mbili kwa pamoja. Baada ya misa nikasikia watu wakisema bado hajakomaa. Kijana amekomaa! Aliyemwangusha ni yule aliyepanga kurasa, na kwa kuwa kila mwaka naona kosa hili likirudi kwa mtu mpya, leo nimeamua kuandika.

1. Ukurasa uishie pale mkono unapopata nafasi. Tafuta kimya, au nota ndefu ambayo mkono mmoja unaweza kuishikilia peke yake, ukate ukurasa hapo hata kama theluthi nzima ya chini itabaki nyeupe. Programu za kuandikia nota hujaza kurasa kwa kuangalia nafasi tu. Suala la mikono ni lako. Kwenye MuseScore, mojawapo ya programu hizo, unachagua mstari wa mwisho wa kipimo, unabonyeza Ctrl na Enter, ukurasa unakatika hapohapo. Wengi wetu tulilelewa na programu ya Finale, lakini watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena, kwa hiyo anayeanza sasa ajifunze nyingine. Kanuni ya ukurasa haibadiliki.

2. Kiitikio na mashairi vikae kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu nyimbo zetu zina tabia ya kurudi. Kiitikio, shairi la kwanza, kiitikio, shairi la pili, hivyo hivyo mpaka la sita. Kiitikio kikiwa upande mmoja wa karatasi na mashairi upande wa pili, mpiga kinanda atageuza mbele na nyuma kila shairi, na kurudisha ukurasa nyuma ni kugumu kuliko kuupeleka mbele. Kumbukeni kwamba kwenye kitabu namba shufwa ziko kushoto na namba witiri ziko kulia. Wimbo wa kurasa mbili basi unaanza ukurasa wa 2, wala si wa 1. Huo wa 1 uwe jalada: jina la wimbo, mtunzi, sehemu ya misa. Wimbo ukiwa mrefu mno, chapa kiitikio tena baada ya mashairi.

Niwaambie nimejifunzia wapi. Tulikuwa na misa ya upadrisho, kwaya kadhaa zimeunganishwa, na mimi ndiye niliyepewa kuandaa kitabu cha nota cha siku hiyo. Nilikipanga vizuri kabisa. Wimbo wa Mwanzo ulikuwa na kurasa mbili, nikauweka wa 2 na wa 3. Ukurasa wa 4 nikauacha mtupu makusudi, maana Utukufu ulikuwa na kurasa tatu na nilitaka uanze kulia, wa 5, ili ule mgeuko wake mmoja uangukie penye kimya kirefu cha mkono wa kulia. Kuanzia hapo kila wimbo ulikaa mahali pake mpaka Komunyo, ambayo ilikuwa na kiitikio kirefu na mashairi sita, imelala wazi kwenye kurasa za 12 na 13. Mpiga kinanda, mwalimu wa siku nyingi, nilimpa nakala ya mwanzo akaifanyia mazoezi.

Ijumaa jioni nikapeleka faili steshenari. Vitabu vilikuwa vingi, hela ya kamati ilikuwa imehesabiwa, na mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini tunalipia ukurasa usio na kitu. Nilikuwa nimechoka. Nikaufuta ukurasa wa 4. Nilifungua faili, nikapitisha macho juu juu, nikaona nyimbo zote zipo na zimefuatana, nikasema toeni kopi. Sikufikiri kwamba kuondoa ukurasa mmoja kunasogeza kila kitu kinachofuata. Komunyo ikawa kurasa za 11 na 12: karatasi ileile, mbele na nyuma.

Misa ilikuwa uwanjani, chini ya turubai, na upepo wa mchana mnaujua. Utukufu ulipita kwa taabu, kwa sababu sasa ulianzia kushoto na mgeuko ukaangukia kwenye nota za haraka. Nikamwona mwalimu akiinama, nikadhani ni upepo. Ilipofika Komunyo ndipo nilipoelewa. Kiitikio, anageuza. Shairi, anarudisha. Shairi la pili, anageuza tena, na mkono wa kushoto unachelewa. Shairi la tatu karatasi ikachomoka kwenye pini ikaanguka chini ya benchi, na yeye akabaki kupiga kwa kukumbuka, kwanza akiacha pedali, kisha akiacha mkono wa kushoto wote, mwisho akanyamaza kabisa. Watu wengi vile wanakomunika, mstari haufiki mwisho, na kwaya imeshashuka nusu sauti nzima. Alipogusa kinanda tena kwa nguvu kuwarudisha, kila aliyekuwa na sikio alisikia tofauti. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu na sikuweza kufanya lolote.

Baada ya misa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ule ukurasa mweupe ulikwenda wapi?" Nikamweleza habari ya hela. Akaniambia vitabu vyote vile vimelipiwa, na kilichookolewa hakifiki bei ya soda. Tangu siku hiyo kila ukurasa mtupu ninaouweka nauandika katikati, kwa herufi ndogo: "Ukurasa huu umeachwa wazi makusudi." Fanyeni hivyo. Na baada ya badiliko lolote, hata la ukurasa mmoja, fungueni faili kwa mwonekano wa kurasa mbili mbili, mlikague upya kutoka mwanzo.

3. Kuchapa kijitabu. Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A4, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kwa kijitabu cha kurasa 8 unahitaji A3 mbili: ya nje ina 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 nyuma yake, ya ndani ina 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Jumlisha namba za uso wowote, lazima upate 9. Ukipata jibu lingine, simamisha mashine. Halafu mwambie kijana wa steshenari ageuzie upande mfupi anapochapa pande zote mbili, kwa sababu A3 hapa imelala. Akigeuzia upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini, nawe utazigundua sakristia zikiwa zimebaki dakika tano. A4 ya kawaida iliyosimama ni kinyume chake: upande mrefu.

4. Kubana. Pini mbili kwenye mkunjo, kwa stepla yenye mkono mrefu, zinatosha kurasa 8 au 12. Pini ya pembeni, ile ya kwenye kona, ndiyo iliyomwangusha mwalimu wangu. Isitumike kwa kinanda kamwe. Kitabu kikubwa kifungwe spairo kilale chenyewe, ila acha sentimita mbili upande wa matundu, la sivyo mashine itatoboa nota. Seloteipu ya kung'aa inakakamaa na kugandisha kurasa.

Karatasi ya gramu 80 ni nyepesi na nota za nyuma zinaonekana. Tafuteni ya 100 au 120, angalau kwa kitabu cha kinanda peke yake, waimbaji wabaki na ya kawaida. Naomba pia tuachane na mifuko ya nailoni kwenye faili: taa inamulika humo, nota hazisomeki, na penseli haiandiki. Anayekaa chini ya pangaboi awe na vibanio viwili vya nguo.

5. Ukubwa wa nota. Chukua rula, pima kutoka mstari wa chini hadi wa juu wa mistari mitano. Wanaotunza nota za orkestra kubwa wanapendekeza milimita 8 kwa wapiga fidla, na chini ya 7 hawapendi kabisa. Nota za kinanda zinaweza kuwa ndogo zaidi maana uko karibu na karatasi, lakini nimeona nyimbo za kurasa nne zimebanwa kwenye moja, mtu anasoma kwa kukunja uso mpaka mwisho wa misa. Msiwafanyie wenzenu hivyo.

6. Mgeuzaji wa kurasa. Akae kushoto kwako, ageuze kwa mkono wa kushoto akishika kona ya juu, asipitishe mkono mbele ya macho yako. Akunje sikio dogo kwenye kona kabla ya misa. Palipo na haraka andika V.S. (volti subito, yaani geuza upesi) chini ya ukurasa. Mwambie asubiri ishara ya kichwa chako, asifuate macho yake, kwa sababu wewe unasoma mbele ya unachopiga na yeye anaweza kuwa nyuma yako au mbele zaidi.

7. Migeuko ifanyiwe mazoezi yake peke yake: vipimo viwili vya mwisho, geuza, vipimo viwili vya mwanzo, rudia mpaka mkono uzoee. Fanya hivyo kwa kitabu chenyewe kilichobanwa, kwenye kinanda chenyewe cha kanisani, maana kiegemeo cha nota cha nyumbani kina upana wake. Jumamosi jioni inatosha. Na toa nakala ya pili ya kitabu cha kinanda, iweke ndani ya benchi, uandike juu yake "usiazimishe", kwa sababu besi wataiomba.